Vifaranga wa bata waliokufa bwawani siku ya 9: uchambuzi wa kisa

Tuchukue boma moja pembezoni mwa Arusha, mwezi wa Julai. Mayai 12 ya bata wa kawaida, yule mwenye vinundu vyekundu usoni, yaliwekwa chini ya kuku aliyekuwa anaatamia. Siku ya 35 vifaranga 9 wakawa nje, wote wazima. Wakapewa stata ya kuku, yaani chakula cha dukani cha kuanzia vifaranga, na pumba kidogo za mahindi. Nyuma ya nyumba palikuwa na bwawa jipya la tofali na saruji: urefu mita 3, upana mita 2, kina cha maji sentimita 60, kuta zimesimama wima, na ukingo uko sentimita 12 juu ya maji. Siku ya 9, saa kumi jioni, vifaranga walibebwa kwenye ndoo na kumwagwa majini. Kuku akafuata nyuma akilia.

Dakika za mwanzo kila mtu alifurahi. Vifaranga walipiga mbizi, wakakimbizana juu ya maji, wakanywa. Baada ya kama dakika 10 walianza kuelea chini zaidi, migongo ikiwa imelowa, wakabanana kwenye kona moja wakiparura ukuta kwa kucha. Mwenyeji alikuwa ameshaingia ndani. Aliporudi baada ya nusu saa, watatu walikuwa wamekufa, wawili wamelegea kabisa, na wanne wanatetemeka. Usiku ule akafa mmoja kati ya wale waliolegea. Waliobaki ni 5, na walipofika wiki ya 3, wawili kati yao walikuwa na miguu iliyopinda na wanatembea wakikalia vifundo.

Jibu linalotolewa haraka katika kisa cha namna hii ni kwamba maji yalikuwa ya baridi. Ni kweli, yalikuwa ya baridi. Ila maji hayohayo, siku hiyohiyo, yangeweza kuogelewa na vifaranga wa siku 2 wakiwa na bata mama na wasife hata mmoja. Kilichowaua hawa kilianza kabla ya ndoo ile kubebwa, na kilikuwa sehemu tatu: mlezi, chakula na ukuta.

Mlezi

Bata ana tezi ya mafuta juu kidogo ya mzizi wa mkia. Utamwona bata mkubwa akipinda shingo, anasugua mdomo na kichwa pale, kisha anapitisha mafuta manyoya yote. Kifaranga anayo tezi hiyo, lakini katika wiki za mwanzo haijafanya kazi ya kutosha. Akilelewa na bata jike, anashinda na kulala chini ya tumbo lenye mafuta, na manyoya yake laini yanapakwa bila yeye kufanya lolote. Kuku hana mafuta ya kiasi hicho. Kifaranga aliyelelewa na kuku, au aliyetotolewa kwa mashine na kulelewa kwenye bruda, yaani boksi au chumba chenye joto la taa, hana kinga hiyo hata kidogo, ingawa kwa macho hana tofauti na mwenzake.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Bata jike hawaachi watoto majini. Anaingia nao, anazunguka nao dakika chache, anatoka, nao wanamfuata kwa sauti yake. Akishatoka anatanua mbawa na kuwafunika mpaka wakauke. Kuku wa kisa hiki alibaki ukingoni akiita tu. Vifaranga walisikia mwito na wakaufuata kwa kuogelea kuelekea alikosimama, yaani kwenye ukuta uleule wasioweza kuupanda. Mwito wa mama uliwaweka konani.

Kwa hiyo anayesema “mbona wa jirani waliingia siku ya 2 na wako salama” anasema kweli, na asiige mpaka ajue wa jirani wamelelewa na nani.

Kuhusu aina: bata hawa wa kawaida asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, na ni ndege wa miti na kingo za mito kuliko wa maji ya wazi. Mayai yao huchukua siku 33 hadi 35, wakati ya bata weupe wa Pekin huchukua 28. Wanachelewa kuota manyoya kuliko Pekin, na hata wakiwa wakubwa hawashindi majini kama Pekin. Ratiba ya kuogelea uliyoelekezwa na mfugaji wa Pekin itakuwa ya mapema mno kwao.

Chakula

Ile miguu iliyopinda wiki ya 3 haikusababishwa na bwawa. Ilikuwa inajengeka tangu siku ya kwanza, na ni sehemu ya sababu vifaranga hawakuweza kujitoa majini.

Kifaranga wa bata anahitaji niasini, yaani vitamini B3, kama miligramu 55 katika kila kilo ya chakula. Wa kuku anatosheka na karibu nusu yake, na stata ya kuku imetengenezwa kwa hesabu ya kuku. Bata pia hana uwezo mzuri wa kujitengenezea niasini kutokana na protini kama kuku. Ukiongeza pumba za mahindi unazidi kuharibu: niasini ya mahindi imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua, hivyo chakula kinaongezeka na vitamini inapungua. Dalili za mwanzo ni ndogo. Kifaranga anakaa mara nyingi kuliko wenzake, anajisukuma kwa mabawa anapoinuka, vifundo vinavimba kidogo. Ukimngoja mpaka miguu ipinde kama upinde, umechelewa, na huenda isinyooke tena kabisa.

Njia rahisi ni chachu kavu ya bia, gramu 50 hadi 60 kwa kila kilo ya stata, changanya kila siku kiasi cha kuliwa siku hiyo. Kifaranga aliyekwisha kuonyesha dalili apewe niasini kwenye maji: kidonge cha miligramu 50 kisagwe, kiyeyushwe kwenye lita 1.5 ya maji ya kunywa, yabadilishwe kila siku. Chagua kidonge cha nikotinamidi, ambayo ni aina mojawapo ya niasini, kama kinapatikana. Dalili zikiwa changa, nafuu huonekana ndani ya siku chache. Dagaa waliosagwa nao husaidia, ila wawe wakavu na wasio na mchanga wala chumvi nyingi.

Mashudu ya karanga yana niasini nyingi sana, na kwa sababu hiyo wengi huyashauri. Sisi hatuyashauri kwa vifaranga wa bata, na tunasisitiza. Karanga na mahindi vilivyohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 na watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Bata mchanga huumizwa na sumukuvu haraka kuliko karibu mfugo mwingine wowote. Sumu hii iligunduliwa baada ya vifo vikubwa vya bata mzinga huko Uingereza mwaka 1960, waliolishwa mashudu ya karanga, na kwa miaka mingi maabara zilitumia vifaranga wa bata wa siku moja kuipima. Kiasi ambacho kuku anakimeza na kuendelea na maisha kinaweza kuharibu ini la kifaranga wa bata. Kama pumba au mashudu yana harufu ya uvundo, au yameganda mabonge, usimpe.

Protini iwe asilimia 20 hadi 22 kwa wiki 2 au 3 za mwanzo, halafu ishuke hadi 16 au 18. Ukiendelea na ile ya juu, mwili unakua kuliko mifupa, na ncha za mabawa huanza kupinda nje. Chukua stata isiyo na dawa, kwa kuwa kifaranga wa bata anakula zaidi ya wa kuku na atajikuta amemeza dozi kubwa kuliko iliyokusudiwa.

Ukuta

Hapa ndipo penye uzito wote wa kisa hiki. Hata kifaranga asiye na mafuta na mwenye miguu dhaifu, akipata pa kutokea, anatoka anapoanza kusikia baridi. Anatetemeka, anajikunyata juani, anakauka. Bwawa lenye kuta wima halimpi nafasi hiyo.

Ukimwangalia kifaranga anayetafuta njia, utaona hakati katikati ya bwawa. Anafuata ukuta, kifua kikigusa saruji, anazunguka mpaka afike kona, anarudi. Kwa hiyo ngazi ya tofali iliyowekwa katikati, au ubao uliolazwa ukielea upande mmoja bila kugusana na ukuta, ataupita kando mara nyingi bila kuuona. Njia ya kutokea lazima iungane na ukuta, isiache mwanya, ili anayefuata ukuta aikanyage hata asipokusudia.

Mteremko mzuri ni sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 3 za urefu. Bwawa letu lina kina cha 60 na ukingo wa 12, jumla 72. Mara 3 ni sentimita 216. Njia hiyo inaingia vizuri kwenye ule upande wa mita 3, ikiwa na upana wa sentimita 50. Jaza mawe na kifusi, shindilia, funika kwa zege, na kabla halijakauka bonyeza kokoto ndogo juu yake au lipare kwa ufagio wa chelewa ili liwe na makwaruzo. Saruji iliyolainishwa kwa mwiko ikipata utelezi wa kijani hupandwa na mtu kwa shida, sembuse kifaranga. Asiyeweza kujenga mara moja aweke magunia ya katani yaliyojazwa mchanga, yapangwe kama ngazi kutoka chini kabisa hadi ukingoni, kila ngazi isizidi sentimita 5 kwa vifaranga wadogo.

Kuna wanaojaribu kupunguza maji ili wasizame. Ukibakiza sentimita 15 za maji, ukuta unaobaki ni sentimita 57. Umepunguza kina na kuongeza mlima. Kifaranga hafi kwa sababu maji ni marefu, kwani anaelea. Anakufa kwa kulowa, kupoa, kuchoka, na mwisho kichwa kinaanguka majini. Maji ya sentimita 15 yanatosha kabisa kwa hilo.

Na kwa kuwa bwawa lilikuwa jipya: saruji mbichi huachia chokaa, na maji yanakuwa makali, yanawasha macho na ngozi ya miguu. Jaza, acha siku 3 au 4, mwaga yote, sugua, rudia angalau mara 3 kabla ya kuweka kiumbe chochote.

Walioopolewa

Kifaranga aliyezizima anaonekana amekufa. Shingo imelegea, macho yamefumbwa, ila ukiweka kidole chini ya bawa bado kuna mapigo. Usimlishe na usimnyweshe kwa nguvu. Maji yataingia mapafuni. Mkaushe kwa kitambaa kwa kumbonyeza, bila kumsugua, mweke kifuani chini ya nguo au kwenye boksi lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, joto lililomzunguka liwe nyuzi 32 hadi 35. Inaweza kuchukua saa nzima kabla hajainua kichwa. Akishasimama mwenyewe ndipo mpe maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo, kijiko cha chai kwa nusu lita, achovye mdomo mwenyewe.

Katika kisa chetu yule aliyekufa usiku alirudishwa chini ya kuku akiwa bado amelowa. Kuku aliyekwisha kupoteza joto la kiota kwa kukimbia ukingoni hawezi kumkausha kifaranga aliyeloa hadi ngozini, na usiku wa Julai Arusha si wa mchezo. Wale waliozizima walale kwenye bruda usiku wa kwanza. Jiko la mkaa lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana utawaua waliobaki na unaweza kuua watu pia. Taa ya umeme iliyoning'inizwa au chupa za moto zinazobadilishwa kila saa 3 ni salama zaidi.

Wale 5 waanze upya hivi

Bruda: wiki ya kwanza nyuzi 32 usawa wa migongo yao, kisha shusha nyuzi 3 kila wiki. Kipimo bora kuliko kipimajoto ni wao wenyewe. Wakirundikana wana baridi; wakikaa mbali na taa midomo wazi wana joto; wakitawanyika na kulala huku na huku wako sawa. Chini weka maranda makavu sentimita 8, si gazeti, ambalo linateleza na kupanua miguu. Bata humwaga maji kuliko kuku, basi chombo cha maji kisimame juu ya wavu wenye karai chini yake, na maranda yaliyolowa yaondolewe kila siku kabla hayajaota ukungu. Kina cha chombo kiwe sentimita 3 hadi 4, kifaranga azamishe matundu ya pua na macho. Akikosa hilo, pua huziba kwa chakula na macho hushikana.

Kuogeshwa kwa mazoezi kunaanza kwenye karai. Maji ya vuguvugu, sentimita 4, tofali moja ndani pa kupandia, dakika 5, adhuhuri. Anatolewa, anakaushwa, anarudi kwenye joto. Hii inamfundisha kujipitishia mdomo kwenye manyoya, na kule kujisugua ndiko kunakoiamsha tezi. Fanya mara moja kila siku 2 au 3, ukiongeza muda mpaka dakika 15 wiki ya 3.

Lini aingie bwawani? Usihesabu siku peke yake. Geuza kifaranga, angalia tumbo. Manyoya ya kweli huanza tumboni, mabegani na mkiani, mgongo ukibaki na laini za utotoni. Tumbo na kifua vikishafunikwa, chukua kijiko cha maji, mwagia kifuani. Matone yakibaki mviringo na kuteleza hadi chini, yuko tayari. Maji yakitanda na manyoya yakagandamana yakionyesha ngozi, subiri wiki nyingine. Kwa Pekin jibu hilo huja karibu na wiki ya 4 au 5. Kwa bata hawa wa kawaida, wiki ya 6 au 7 isikushangaze, na kwenye baridi hakuna hasara yoyote kungoja.

Siku ya kwanza wasiwekwe majini. Wapelekwe ukingoni saa tano asubuhi, jua likiwa limetoka, maji yamejaa karibu na ukingo, na chakula kidogo kimwagwe kwenye mteremko pale maji yanapoanza. Waingie wenyewe na watoke wenyewe. Anayeingia kwa kushuka mteremko ameshaijua njia ya kurudi. Anayetupwa katikati hajui ukingo uko wapi. Dakika 15 zinatosha, mtu akiwa pale muda wote. Siku zifuatazo ongeza taratibu, na mpaka wamalize kuota manyoya mgongoni watolewe kabla ya saa tisa alasiri ili wakauke na jua. Saa kumi ya kisa chetu iliwaacha bila jua la kuwakausha hata kama wangetoka. Wavu juu ya bwawa ni lazima kwa wiki hizo, kwa ajili ya mwewe na kunguru, na usiku walale ndani pasipopenya nguchiro na paka. Kama kuna bata wakubwa, watenganishwe kwa wavu wiki nzima wakionana. Dume mkubwa anaweza kumkandamiza mdogo chini ya maji. Na kama bwawa lina kambare wakubwa, vifaranga wasiingie kabisa.

Maji yenyewe

Bwawa la mita 3 kwa 2 kwa sentimita 60 ni lita 3,600, sawa na madumu 180 ya lita 20. Bata 5 watayageuza kuwa ya kijani ndani ya siku chache. Asiye na maji ya kubadilisha nusu ya hayo kila siku 3 au 4 anafaa kujenga dogo: mita 1.5 kwa 1 kwa sentimita 35 ni lita 525, madumu 26 hivi, na bata hawa wa kawaida wanaridhika nalo. Weka bomba la inchi 2 sakafuni, sehemu iliyo chini kuliko zote, litoke kwenye migomba au mti wa matunda. Maji hayo yasimwagiliwe mboga zinazoliwa mbichi.

Maji yanayonuka kipindi cha joto yana hatari nyingine. Panya, chura au kifaranga aliyekufa na kuoza kwenye tope la bwawa huzalisha sumu ya botulizimu, na funza wanaomla huibeba. Bata anayekula funza hao hulegea miguu, kisha mabawa, kisha shingo, na akiwa majini anazama huku yu hai. Ukiona shingo zimelegea kwa bata wawili watatu kwa mpigo, watoe wote majini, wape maji safi mengi, kausha bwawa, zoa tope na uchome mizoga, na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kama ni vifaranga chini ya wiki 6 na shingo zimepinda kwa nyuma badala ya kulegea, mwambie hivyo kwenye simu kabla hajaja, kwa sababu hiyo ni picha ya homa ya ini ya bata, ambayo huenea na kuua kwa saa chache, na atakuja amejiandaa tofauti.